Nyasi za Mwajiri na Baridi ya Julai

Ndugu na dada wengi katika jumuiya zetu za Laini Saba hutoka alfajiri kwenda kazi ya shamba Lang'ata, Karen na Kilimani. Kila baridi inapoingia tunapokea malalamiko yale yale: nyasi zimegeuka manjano, mdosi anasema mfanyakazi ni mvivu, mshahara unakatwa au mtu anaambiwa asirudi Jumatatu. Kwa hivyo tumeona tueleze habari za nyasi hizi.

Nyingi ni zile zinazoitwa nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku zilipelekwa hadi Afrika Kusini na Australia. Hupenda joto. Kule zikipigwa na sakitu huwa kahawia kabisa. Hapa Nairobi hazifi, ila hulala nusu. Jua limefunikwa na mawingu, na udongo ukiwa baridi hautoi naitrojeni haraka, nayo ndiyo inayoleta rangi ya kijani. Tena manyunyu ya Julai hulowesha majani tu. Chimba kidogo kwa kidole utakuta chini ni vumbi. Hapo wengi hudanganyika.

Dawa huanza mwezi wa Mei, mvua ya masika ikielekea kwisha. Nyunyiza mbolea ya CAN, vifuniko viwili vya soda kwa kila mraba wa hatua moja kubwa, majani yakiwa makavu, halafu umwagie maji papo hapo isije ikaunguza. Mwisho wa Juni rudia nusu ya kipimo hicho. Usizidishe ati ndio ziwe kijani zaidi.

Lakini kinachoharibu zaidi ni kukata. Mdosi anataka kapeti, basi mtu anafyeka mpaka chini. Nyasi hizi zina majani juu tu, chini ni vijiti vya kahawia. Ukizinyoa wakati wa joto zitarudi upesi, ukizinyoa Julai utakaa na hiyo manjano wiki nyingi. Inua kisu cha mashine, acha urefu wa vidole vitatu, na kwa mara moja usiondoe zaidi ya theluthi. Slasha nayo inolewe, maana ikiwa butu huchana ncha zikawa nyeupe.

Maji yawe mengi mara moja kwa wiki, asubuhi. Ya jioni huleta ukungu. (Sisi tunaonunua maji kwa mtungi tunajua uchungu wa kuyamwaga kwa nyasi, lakini kazi ni kazi.) Chini ya miti usijisumbue: nyasi za Kikuyu hazipendi kivuli. Mshauri mwajiri apande nyasi za Pemba hapo.

Haya yote mwambie mwajiri mwezi wa Mei, si siku ya kugombezwa. Na kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007 huruhusu kukatwa kwa hasara uliyoleta kwa kukusudia, na baridi hukuileta wewe. Kibarua ambaye siku zake za kazi za mfululizo zimefikia mwezi mmoja huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Kama hana kosa kubwa, anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Aliyekatwa aende ofisi ya leba, na abebe daftari lenye siku alizofanya kazi na pesa alizopokea, kwa maana wengi hufika kwetu bila hata karatasi moja.