Farasi wa Probox Hawatoboi Masisi

Kuna ule msee wa base yenu, akinunua dinga kitu ya kwanza anaringa nayo ni hospawa. "Hii iko na farasi mia, buda!" Sawa. Sasa mwambie atoke Goma, huko Kongo, apite Sake, aanze kupanda kuelekea Masisi na magunia ya viazi nyuma, mvua ikiwa imetandika usiku kucha. Hapo ndio tutajua kama hao farasi ni wa kazi ama ni wa luku.

Ebu shika spana ya mita moja, ning'iniza kilo 10 kwa ncha yake. Ile nguvu inazungusha nati ndio toki: hapo uko na kama Nm 98. Hospawa inauliza swali ingine: hiyo nguvu umeizungusha mara ngapi kwa dakika? Zidisha toki na mizunguko, gawa kwa 9549, unapata kilowati. Na farasi mmoja ni kuinua kilo 75 mita moja juu, kwa sekunde moja.

Cheki Probox ya injini 1NZ. Farasi kama 109, lakini ukiwataka wote lazima injini ilie hadi mizunguko 6000. Toki ni kama Nm 140. Sasa cheki Land Cruiser ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, haina turbo. Farasi ni kama 130. Unaona ni kitu kidogo? Zii! Toki yake ni Nm 285, na inakuja mapema, mizunguko 2200. Piga ile hesabu: ikinguruma tu pole, tayari imetoa farasi karibu 90.

Hiyo "mapema" ndio siri. Kwa potopoto ukikanyaga sana, tairi linazunguka bure, unajichimbia shimo. Ukiachilia, injini ndogo inazima. Unataka kutambaa. Ndio maana hata motari, msee wa bodaboda, akiwa mjanja hangoji nduthi ichoke katikati ya mlima. Anashusha gia akiwa bado chini, juu gia ndogo inaongeza toki kwa gurudumu. Na vilele vya Masisi vinapita mita 2000: hewa ni hafifu, injini bila turbo inaacha karibu moja ya tano ya farasi wake njiani.

Walikale, magharibi ya Masisi, nayo ni ngori ingine. Msituni barabara ilikuwa noma hadi ndege zikawa zinatua juu ya lami pale Kilambo kubeba kasiterite, mawe ya madini ya bati. Hapo hata dinga ya toki ilisalimu amri.

Halafu kuna mbogi ya chukudu, baiskeli ya mbao, haina hata farasi mmoja. Kushuka na mzigo, mlima unawapea spidi ya bure. Kupanda, wanashuka, wanainama, wanasukuma hatua kwa hatua. Uliza hao toki ni nini. Watakuonyesha magoti.