Kuchagua Jiko la Kuni

Moshi ni sehemu ya kuni iliyopanda hewani bila kuungua. Apikaye kwa mafiga hapa Bagamoyo hupata hasara mara mbili: kuni zapotea bure, na kifua chaumia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Serikali ya Tanzania ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwafikishia watu 80 katika kila 100 nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini nyumba nyingi zingali zapika kwa kuni, nasi twanena na wenye nyumba hizo.

Tununuapo jiko, tutazame kwanza tumbo lake. Liwe jembamba, lenye ukuta wa udongo uliochomwa, ili joto lisitoroke. Maana moshi hauungui ila penye moto mkali. Kuni zilale juu ya kichaga cha chuma, hewa ipite chini yake. Rangi nzuri si kitu. Bomba nalo huutoa moshi jikoni tu, haliupunguzi, na upepo wa kusi waweza kuupeleka kwa jirani.

Kuni mbichi hulishinda jiko lo lote, kwa kuwa joto hutumika kwanza kukausha maji yaliyomo. Basi tuzipasue nyembamba na kuziweka mahali pakavu kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi. Vifuu vikavu vyawaka vizuri. Makumbi yana moshi mwingi, heri wapewe wasokota kamba.

Kabla ya kutoa fedha, tumwombe muuzaji aliwashe jiko na kuchemsha maji, kisha tuigeuze sufuria, tutazame masizi.