Boga, Mandazi na Woga wa Watoto



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukielekea kuisha, maulizo ni yale yale. Vijana wameona kwenye simu watoto wa Marekani na Ulaya wamevaa nguo za mizimu na za wachawi. Wameona maboga yaliyochongwa macho na meno, yenye mshumaa ndani. Wanauliza: "Pasta, ile Halloween ni sikukuu gani? Na sisi tunaweza kuifanya?" Wamama wao wanauliza jambo lingine: "Mvua inanyesha kila jioni, watoto wamejaa nyumbani, nifanye nao nini?"

Maulizo haya mawili tutayajibu pamoja, tukikaa jikoni. Maana katika ile sikukuu kuna kitu kimoja kizuri tunachoweza kuchukua, na kuna kingine ambacho hapa kwetu Congo kinaweza kuharibu maisha ya mtoto.

ILITOKA WAPI?

Jina Halloween maana yake ni jioni inayotangulia siku ya Watakatifu Wote, ile ya tarehe 1 Novemba. Watu wa Ireland walikuwa na desturi ya kuchonga mizizi minene ya shambani na kutia moto ndani, ili kutisha pepo waliosemwa wanatembea usiku ule. Katika karne ya 19 wengi wao walihamia Marekani. Kule walikuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga, na ndipo boga likawa alama ya sikukuu. Hata boga letu la Masisi na Rutshuru lina asili yake katika bara la Amerika, sawa na mahindi, mihogo na viazi.

Sisi Waprotestanti tuko na sababu nyingine ya kukumbuka tarehe 31 Oktoba. Ni siku hiyo, mwaka 1517, Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Kwa hiyo kama jamaa inataka kukusanyika jioni ile na kula kitu kitamu pamoja, hakuna dhambi.

Kitu kizuri katika desturi ya wenzetu ni hiki: wanamchukua mtoto, wanampa kisu kidogo au unga, naye anatengeneza kitu cha kutisha kwa mikono yake mwenyewe. Kisha anacheka, kisha anakula. Woga umekuwa mdogo, umeingia kwenye sahani.

KWETU WOGA HAUKO MCHEZO

Mtoto wa Goma hana haja ya kununuliwa kitu cha kumtisha. Nyiragongo, wenye urefu wa metre 3.470, uko juu ya vichwa vyetu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena usiku na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, watu wengi sana walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda, watoto mgongoni. Mwisho wa Januari 2025 ni vita vilivyoingia mjini. Na ninyi muko Rubaya, Walikale au Numbi, watoto wenu wanajua sauti ya shimo linapoanguka juu ya wachimbaji.

Watoto hawa wako na woga ambao hawajui namna ya kuusema. Wengine wanakojoa kitandani wakiwa na miaka kumi. Wengine wanaamka usiku wakilia. Wengine wamekuwa wakali bila sababu. Ukimuuliza mtoto wa namna hiyo, "Unaogopa nini?" atanyamaza. Lakini mpe kazi ya mikono, mkae wote karibu na sufuria, utashangaa maneno yanavyotoka.

TUPIKE PAMOJA

1. Mandazi ya boga

Chukua kipande cha boga, toa ngozi na mbegu, kichemshe katika maji kidogo mpaka kilainike. Mwaga maji yote, ponda vizuri, acha lipoe. Kwa gilasi 1 ya boga lililopondwa, weka gilasi 3 za unga wa ngano, vijiko vikubwa 4 vya sukari, kijiko kidogo 1 cha levire, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Changanya, kanda dakika kumi. Kama unga ni mkavu, ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Kama unashika mikono, ongeza unga. Boga linaleta rangi ya dhahabu na utamu, ndiyo maana sukari haitakiwi nyingi. Tena lina vitamini A, inayosaidia macho ya mtoto.

Funika kwa kitambaa safi, ngoja unga uvimbe. Mji wetu uko karibu metre 1.500 juu ya bahari na jioni kuna baridi, kwa hiyo saa moja haitoshi kila mara. Weka bakuli karibu na mbabula, lakini si juu yake.

Sasa kila mtoto apewe donge lake. Mmoja atengeneze sambaza, yule samaki mdogo aliyeletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwingine atengeneze kiboko mwenye mdomo wazi. Wavulana watataka chukudu: kijiti cha unga, usukani, na magurudumu mawili ya mviringo. Mlazeni chini unene usipite kidole kimoja, la sivyo nje itaungua na ndani itabaki mbichi. Kukaanga ni kazi ya mama, baba au kaka mkubwa peke yake. Mafuta ya moto hayamjui mtoto.

2. Mlima Nyiragongo

Chemsha viazi, viponde pamoja na chumvi na mafuta kidogo. Watoto wajenge mlima katikati ya sahani kubwa na kutoboa shimo juu. Chini ya mlima weka sombe au lengalenga: huo ni msitu wa Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925. Upande mwingine panga sambaza za kukaanga: hilo ni ziwa. Halafu mtoto mdogo kuliko wote amwage supu nyekundu ya tomati katika shimo, mpaka ishuke mlimani.

Hapa usiharakishe kula. Waulize: "Moto unapita wapi? Nyumba yetu iko wapi? Tukisikia habari ya mlima, tunakimbilia njia gani? Tukipotezana, tunakutania wapi?" Mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka 2021 anaweza kukuonyesha kwa kijiko mambo ambayo hajawahi kuyasema. Msikilize mpaka amalize. Kisha kuleni mlima wote.

3. Uso wa ngagi

Fufu ya mihogo au ya mahindi, iliyofanywa duara kwenye sahani. Macho ni vipande viwili vya ndizi kamaramasenge, na katikati ya kila kimoja punje ya haragi. Pua ni kipande cha tomati. Mbegu za lile boga usizitupe: zioshe, zikaushe, zikaange bila mafuta na chumvi kidogo, ziwe meno ya ngagi. Mtoto anayekataa fufu kila siku, hii ataikula.

Kwa ninyi mulio kwenye makambi ya machimbo, ambako unga wa ngano ni bei kali, acheni namba moja. Namba mbili na tatu zinatosha. Baba anayerudi kutoka shimoni siku ya Posho na kumpa mtoto noti ya kununua biskuti amefanya vizuri. Lakini biskuti inaisha njiani. Mlima alioujenga na baba yake, mtoto ataukumbuka akiwa mzee.

MAJINA YA KWELI

Tunapopika, tuwafundishe watoto kuita kila kitu cha kutisha kwa jina lake la kweli. Mfano uko karibu. Wote munajua mazuku, zile pembe za Goma na Sake ambapo mbuzi wanakutwa wamekufa asubuhi bila jeraha, na mara nyingine watoto pia. Wazee walisema ni pepo wabaya wanaotembea usiku. Leo tunajua ni gesi kabonike inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mbuzi na mtoto wanakufa kwanza kwa sababu ni wafupi, pua zao ziko chini ndani yake, na mtu mzima yuko juu yake. Yule aliyesema pepo hakuokoa mtoto yeyote. Yule aliyesema gesi, akaweka alama na kukataza watoto kucheza pale, ameokoa.

Hata mbabula yetu iko na gesi yake, ingawa ni nyingine. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, watu wanalala na hawaamki. Pikeni nje, au milango na madirisha yakiwa wazi, na musilale na mbabula ndani hata kama kuna baridi. Mwambie mtoto sababu. Atawaambia wenzake.

Hata wanafunzi wa Yesu, usiku ule ziwani, walipiga kelele wakidhani wameona mzimu. Kumbe ni Bwana mwenyewe anawajia. Woga uliwafanya wamwite jina lisilo lake.

NENO MOJA TUSICHEZE NALO

Sasa nafika kwenye kile kinachoweza kuharibu. Wenzetu wa Marekani wanamvika mtoto kofia ndefu nyeusi, wanamwita mchawi, wote wanacheka, na kesho anakwenda shule kama kawaida. Hapa kwetu neno hilo likishamshika mtoto halitoki. Munajua namna linavyoanza. Shimo limeanguka, au madini yamekauka, au mtoto mchanga amekufa kwa malaria. Watu wanatafuta mwenye kosa. Macho yanaenda kwa yatima anayelelewa na shangazi, kwa mtoto wa mke wa kwanza, kwa mwenye kifafa, kwa yule anayekojoa kitandani. Ananyimwa chakula, anapigwa, anapelekwa kwenye "maombi" ambako anafungwa na kufungishwa siku nyingi bila maji. Mwishoni analala sokoni. Na ni uchungu kusema: mara nyingi neno hilo linatoka mdomoni mwa mtu aliyeshika Biblia.

Sheria ya inchi haiko kimya. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000. Mchungaji, jirani, mama wa kambo, wote wako chini yake.

Kwa hiyo, vijana, jibu langu ni hili. Pikeni boga. Chongeni macho na meno mkitaka. Tengenezeni kiboko, simba, hata mlima wa moto. Lakini mtoto asivikwe uchawi hata kwa kicheko, na asiitwe jina hilo hata kwa utani wa jikoni. Mtoto akivunja sahani, sema amevunja sahani. Akikojoa kitandani, ujue anaweza kuwa na woga au ugonjwa. Msaidie, mpeleke kwa munganga wa hospitali. Akianguka kifafa, kuko dawa. Na yule yatima wa nyumbani, aliyezoea kupewa kazi ya kuchota maji wakati wenzake wanacheza, mpe donge lake la unga sawa na wengine. Pengine awe wa kwanza kuchagua mandazi.

Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na mtoto kando yake. Hakumtafutia mtoto kosa la njaa ile. Alipika kile alichokuwa nacho, wakala pamoja.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kila mmoja aseme kitu kimoja kinachomtisha. Wakubwa waanze, ili watoto wasione haya.

2. Kuko mtoto gani katika nyumba yetu au kwa jirani ambaye watu wanamsemea vibaya? Tunaweza kumwita lini aje apike na sisi?

3. Nyiragongo ikiamka usiku huu, nani anambeba nani, na tunakutania wapi?