Gemu za nyambizi: Kwa nini huuoni msafara wa meli, na namna ya kuupata

Saa mbili zimepita, bahari ni ileile, hujaona hata moshi wa meli. Wachezaji wengi wa gemu za kompyuta kama Silent Hunter na UBOAT hukata tamaa hapo. Mara nyingi tatizo si bahati mbaya. Ni kuzurura ovyo, au kuzikimbiza meli badala ya kuzisubiri.

Macho hayafiki mbali

Ukipanda Morningside kwenye milima ya Uluguru, unauona mji wa Morogoro umetandazwa chini yako. Nyambizi haina mlima. Mlinzi ambaye macho yake yako mita 5 juu ya maji huona upeo wa bahari ukiishia kama kilomita 8 tu. Moshi na milingoti huonekana mbali zaidi, lakini bado hicho ni kipande kidogo sana cha bahari.

Kaa "Msamvu"

Ukitaka kuhesabu mabasi ya kutoka Dar yanayokwenda Dodoma na Iringa, huzunguki vichochoro vya Kihonda. Unakaa Msamvu, yatakuja yenyewe. Baharini ni hivyo hivyo: tafuta mlango wa bahari, mkondo kati ya visiwa, au njia ya kuingia bandarini.

Ukishafika, usitembee sambamba na njia ya meli. Ikate, nenda upande mmoja kisha rudi mwingine, ili msafara usipite pembeni yako bila kuuona.

Zama, usikilize

Sauti husafiri mbali majini. Kila baada ya muda zama, punguza mwendo au zima injini kabisa, kisha tumia haidrofoni, kifaa cha kusikilizia chini ya maji. Unaweza kusikia mapangaboi ya meli ambayo macho bado hayajaiona. Na usiharakishe muda wa gemu kupita kiasi, utaruka dalili muhimu.

Usifuate mkia

Basi likishakuacha Msamvu, hulikimbizi kwa miguu. Unampigia simu mtu wa Dumila alisimamishe. Gemu ikikupa taarifa ya redio kuwa msafara unakwenda kilomita 15 kwa saa, baada ya saa 4 utakuwa umesogea kilomita 60. Elekea huko mbele, siyo pale ulipoonekana.

Nyambizi ya Kijerumani aina ya VIIC ilifika kama kilomita 32 kwa saa ikiwa juu ya maji, lakini kama 14 tu chini ya maji, na kwa kasi hiyo betri huisha haraka. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huuzunguka msafara kwa mbali, usiku, wakiwa juu ya maji, kisha huzama wakishatangulia mbele.

Ilivyowakuta wanajeshi wa Afrika Mashariki

Mbinu hizi hazikubuniwa na watengeneza gemu. Februari 1944, msafara wa KR 8 uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ulikuwa na meli tano za abiria, mojawapo ikiwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwemo wanajeshi wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi.

Visiwa vya Maldives vimejipanga kama ukuta kutoka kaskazini hadi kusini, na meli hupita kwenye mikondo michache. Huko ndiko nyambizi ya Japani, I-27, ilikoupata msafara huo tarehe 12 Februari. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa. Walionusurika walizidi 200 kidogo tu.

Manowari mbili za Uingereza, Paladin na Petard, ziliisaka I-27 kwa mabomu ya kulipuka majini huku baadhi ya manusura wakiwa bado wanaelea. Kuiacha iondoke kulimaanisha kuhatarisha meli nyingine nne. Nyambizi ililazimika kuibuka, na Petard ikaimaliza kwa topido.

Kwenye gemu, meli iliyozama inakuongezea tani kwenye hesabu ya ushindi. Orodha ya waliokuwa ndani haionyeshwi.