Mimba ya Maabara na Hatari za Baada ya Kurudi Nyumbani

Watoto wa kwanza nchini Kenya waliotungwa mimba kwenye maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006, miaka 28 baada ya Louise Brown wa Uingereza, mtoto wa kwanza duniani wa aina hiyo. Kliniki nyingi za huduma hiyo zingali Nairobi. Mwanamke wa Gesima, kaunti ya Nyamira, hupanda matatu Keroka kwenda Nairobi, akatibiwa, kisha akarudi kwao. Na matatizo makubwa ya tiba hii mara nyingi huanza akiwa amekwisha kurudi.

Linalotatiza zaidi ni kuvimba kwa ovari. Kwa kawaida yai moja hupevuka kila mwezi. Katika tiba, sindano za homoni huzifanya ovari zipevushe mayai kumi au zaidi kwa mpigo. Sindano ya mwisho, inayodungwa saa 36 hivi kabla ya mayai kuvunwa, yaweza kuzivimbisha na kuifanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji hujaa tumboni. Sketi iliyomtosha Jumatatu haifungiki Alhamisi; mkojo hupungua, pumzi hubana. Damu iliyopoteza maji huwa nzito, na yaweza kuganda mguuni au mapafuni. Mimba ikishika, hali huzidi, kwa kuwa mimba nayo hutoa homoni inayofanya kazi kama sindano ile. Ndiyo maana daktari mwangalifu huweza kuvigandisha viinitete vyote, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, na kuahirisha kupandikiza. Mgonjwa huvunjika moyo, lakini daktari amefanya sawa.

Kisha kuna mimba inayotunga nje ya mji wa mimba. Wengi hushangaa: si kiinitete kiliwekwa mlemle ndani? Kiliwekwa, ila huelea siku kadhaa kabla ya kujishikiza, na kikipotelea kwenye mrija wa uzazi ulioharibiwa na maambukizi ya zamani, hunasa humo. Mirija ya namna hiyo ndiyo inayowapeleka wanawake wengi wa Afrika kutafuta tiba. Mimba ya kwanza waliyoitangaza Steptoe na Edwards, wataalamu waliofanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, mwaka 1976, ilitunga mrijani.

Viinitete zaidi ya kimoja vikipandikizwa, mapacha huweza kutungwa; nao hushangiliwa, ingawa mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati. Kupandikiza kiinitete kimoja hupunguza hatari hiyo. Na wengi hutumia fedha zote wasipate mtoto, hasa wakishapita miaka 40.

Anayerudi Gesima asiondoke kliniki bila karatasi yenye majina ya dawa alizodungwa na tarehe zake. Tumbo likijaa, au maumivu ya upande mmoja yakianza, aende hospitalini siku hiyohiyo, na karatasi hiyo mkononi.