Ya Ajabu Ndiyo Yaliyotokea: Rekodi za Farasi Zilizoingia Filamuni

Juni 9, 1973, katika uwanja wa Belmont, New York, waliomwekea dau farasi Secretariat walijua mapema kwamba hawatatajirika. Dau la dola 2 lilirudisha dola 2 na senti 20. Farasi alishinda, na bado tiketi 5,617 za ushindi hazikuwahi kupelekwa dirishani. Wenyewe walibaki nazo nyumbani kama kumbukumbu.

Nimetazama filamu nyingi za mbio za farasi zilizotokana na visa vya kweli, na kila nikimaliza moja hurudi kwenye matokeo rasmi nijue kipi kilibuniwa. Kila mara nakuta jambo lile lile. Waandishi wa filamu hubuni mambo ya kawaida: adui mwenye majivuno, mpinzani mwenye umbo la kutisha. Yale yanayomfanya mtazamaji agune na kusema hapa wameongeza chumvi, hayo ndiyo yaliyotokea. Nitayapanga kwa vilele vyake, nikianza na kasi.

Mwenye kasi kuliko wote

Filamu ya Secretariat ilitoka mwaka 2010, ikiongozwa na Randall Wallace. Diane Lane anaigiza Penny Chenery, mwenye farasi, na John Malkovich anaigiza mkufunzi Lucien Laurin. Kisa kinaanza na sarafu. Familia ya Chenery ilikuwa na mapatano na tajiri Ogden Phipps: farasi jike wao walipandishwa na dume maarufu la Phipps, kisha sarafu ikarushwa kuamua nani achague kwanza kati ya watoto. Mwaka 1969 Phipps alishinda, akachagua jike ambaye hakuja kushinda mbio hata moja. Chenery, aliyeshindwa, akaondoka na haki ya mtoto mwingine aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Machi 30, 1970, huko Virginia, akazaliwa dume mwekundu.

Alipofika umri wa miaka mitatu, Marekani ilikuwa imekaa miaka 25 bila farasi wa kutwaa Mataji Matatu, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, mbio zinazokimbiwa ndani ya wiki tano. Wiki mbili kabla ya Derby, Secretariat alishika nafasi ya tatu katika mbio za maandalizi. Alikuwa na jipu mdomoni, na wengi wakaanza kusema hana pumzi ya masafa marefu.

Siku ya Derby alikimbia kilomita 2 kwa dakika 1 na sekunde 59.4. Saa peke yake haisimulii yote. Gawanya mbio hizo katika vipande vitano vilivyo sawa. Cha kwanza alikimaliza kwa sekunde 25.2, cha pili 24, cha tatu 23.8, cha nne 23.4, cha mwisho 23. Kila kiumbe kinachokimbia huchoka kadiri kinavyokaribia mwisho. Huyu aliongeza kasi mpaka kwenye mstari. Kwenye Preakness saa ya uwanja ilikosea, na ubishi ukadumu hadi mwaka 2012 wasimamizi wa mbio za Maryland walipokubali muda wa dakika 1 na sekunde 53. Na Belmont, mbio za kilomita 2.4, alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31, karibu mita 75. Mpandaji wake, Ron Turcotte, aligeuza kichwa kuitazama saa ya uwanja, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na wa kumtazama.

Rekodi zote tatu bado zimesimama. Kwenye Belmont, katika masafa hayo, hakuna farasi mwingine aliyeshuka chini ya dakika 2 na sekunde 26 hata leo.

Sasa tazama filamu ilivyofanya. Ilimgeuza mkufunzi wa mpinzani wake, Sham, kuwa mtu wa kujigamba mbele ya waandishi, kana kwamba mita 75 hazitoshi bila kuwa na mbaya wa kuchukiwa. Kisha ikamfuta Riva Ridge. Huyu alikuwa farasi mwingine wa banda lile lile, akiwa na mkufunzi yule yule, mpandaji yule yule na saisi yule yule, Eddie Sweat, na mwaka 1972 alishinda Derby na Belmont. Yaani kati ya mbio sita za Mataji Matatu za miaka hiyo miwili, banda moja lilishinda tano. Ni ajabu kubwa kuliko ile iliyoonyeshwa, ila nadhani waliogopa kwamba hatutaiamini.

Mwenye bahati mbaya kuliko wote

Ni Sham huyo huyo, na ninasikitika kila nikimwona kwenye filamu akitumika kama farasi wa adui. Siku ya Derby aligonga mdomo kwenye lango la kuanzia, meno yakang'oka, na akakimbia hivyo hivyo akitokwa damu. Alishika nafasi ya pili, nyuma kwa urefu wa farasi wawili na nusu. Ukihesabu pengo hilo, naye alimaliza chini ya dakika 2, muda ambao katika historia yote ya Derby karibu kila bingwa hakuufikia. Angezaliwa mwaka mmoja kabla au baada, pengine tungekuwa na filamu yenye jina lake. Belmont alijaribu kwenda sambamba na Secretariat tangu mwanzo, akaishiwa, akamaliza wa mwisho, na hakukimbia tena mbio maishani.

Mwenye moyo mkubwa, kwa mizani

Waswahili tukisema mtu ana moyo tunamaanisha ushujaa wake. Kwa farasi hawa jambo hilo limepimwa kwa kilo. Farasi wa kawaida ana moyo wa kilo 4 hivi. Secretariat alipokufa mwaka 1989, daktari aliyemfanyia uchunguzi alikadiria moyo wake kuwa karibu kilo 10, hakuupima. Miaka michache baadaye daktari huyo huyo aliupima wa Sham, ukawa kama kilo 8. Wa Phar Lap, wenye kilo 6.2, umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa huko Canberra, na watu bado wanapanga foleni kuutazama.

Phar Lap anastahili kuelezwa kwa kirefu. Alizaliwa New Zealand mwaka 1926, akanunuliwa kwa gini 160, na katika mbio zake za kwanza alimaliza wa mwisho. Filamu yake, iliyoongozwa na Simon Wincer mwaka 1983, imesimuliwa zaidi kupitia macho ya saisi, Tommy Woodcock, kijana ambaye farasi yule hakutaka kutengana naye. Huo ni uamuzi mwema. Mwenye farasi huona kombe, lakini saisi huona mguu uliovimba saa tisa za usiku.

Katika mbio 51 alishinda 37. Asubuhi ya Jumamosi kabla ya Melbourne Cup ya mwaka 1930, watu waliokuwa ndani ya gari walimfyatulia risasi barabarani, zikamkosa. Alasiri ile ile alikimbia na kushinda. Akafichwa katika shamba karibu na Geelong hadi siku ya Kombe yenyewe, Jumanne, akaletwa uwanjani muda ukiwa umebaki kidogo, na akashinda tena. Wachezesha kamari walikuwa wamekata tamaa naye: ili upate faida ya shilingi 8 ilibidi uweke 11. Ndiye farasi pekee katika historia ya Kombe hilo, linalokimbiwa tangu 1861, kuanza akiwa na dau lisilolipa hata sawa na ulichoweka.

Walioshindwa kumzuia kwa bunduki wakasaidiwa na sheria. Katika mbio za aina ile farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wanyonge wapate nafasi, na uzito huo huongezwa kwa vipande vya risasi tandikoni. Mwaka 1930 alibeba kilo 62.5. Mwaka 1931 wakamtwika 68, akamaliza wa nane. Risasi ya bunduki ilimkosa, risasi ya tandikoni ikampata.

Machi 1932 alishinda mbio kubwa Agua Caliente, Mexico, kwa rekodi ya uwanja. Siku 16 baadaye, Aprili 5, alikufa California mikononi mwa Woodcock. Uchunguzi wa nywele zake uliochapishwa zaidi ya miaka 70 baadaye ulionyesha alimeza sumu ya aseniki katika saa za mwisho za uhai wake. Mwili wake umegawanywa: ngozi Melbourne, mifupa Wellington, moyo Canberra. Nchi mbili bado zinamdai.

Waliosikilizwa na watu wengi kuliko wote

Novemba 1, 1938, huko Baltimore, farasi wawili tu walipanga mstari: Seabiscuit na War Admiral. Watu wapatao milioni 40 walisikiliza redioni, Rais Roosevelt akiwa mmoja wao. Filamu ya Gary Ross ya mwaka 2003, iliyopendekezwa kwa tuzo saba za Oscar na isipate hata moja, inamwonyesha War Admiral kama jitu jeusi linalomfunika Seabiscuit. Ukweli ni kwamba walikuwa na kimo karibu sawa. Na kuna jambo tamu zaidi ambalo familia yoyote ya kwetu ingelielewa mara moja: War Admiral alikuwa mtoto wa bingwa Man o' War, na Seabiscuit alikuwa mjukuu wake. Kwa hiyo War Admiral alikuwa baba mdogo wa Seabiscuit, na baba mdogo mwenyewe alizaliwa mwaka mmoja baada ya mtoto wa kaka yake. Mtoto wa kaka alishinda kwa urefu wa farasi wanne.

Mpandaji wake wa kawaida, Red Pollard, aliyekuwa haoni kwa jicho moja na akilificha hilo asifukuzwe kazi, aliyasikiliza hayo akiwa na mguu uliovunjika. Mwaka uliofuata farasi naye akaumia mguu. Wakapona pamoja shambani, na Machi 2, 1940, pamoja, wakashinda mbio za Santa Anita ambazo Seabiscuit alizikosa mara mbili kwa urefu wa pua. Mapato yake yakafika dola 437,730, rekodi ya dunia wakati huo.

Waliodharauliwa kuliko wote

Hapa ushindani ni mkali. Dream Horse, filamu ya mwaka 2020, ni kisa cha Jan Vokes wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliyefanya usafi dukani na kuhudumu baa kwenye kilabu. Yeye na mumewe walinunua farasi jike kwa pauni 350, wakamlea mtoto wake kwenye kipande cha ardhi cha kulimia mboga, na watu 23 wakachanga pauni 10 kila wiki. Farasi huyo, Dream Alliance, alikatika kano ya mguu mwaka 2008, akatibiwa kwa seli shina, na Desemba 2009 akashinda Welsh National, mbio ngumu za kuruka viunzi. Mbunifu wa hadithi angewatajirisha wanakijiji wote. Hesabu zilipofungwa, kila mwanachama alipata pauni 1,430.

Mpinzani wake ni Prince of Penzance, aliyeshinda Melbourne Cup mwaka 2015 kwa dau la moja kwa mia. Juu yake alikuwa Michelle Payne, wa mwisho kati ya watoto kumi, aliyefiwa na mama akiwa na miezi sita, na mwanamke wa kwanza kushinda Kombe hilo katika miaka zaidi ya 150. Filamu yake ni Ride Like a Girl, ya Rachel Griffiths, ya mwaka 2019. Saisi wa farasi alikuwa kaka yake, Stevie, mwenye hali ya Down. Ndiye aliyechagua namba ya lango la kuanzia, ikatoka 1. Na ndani ya filamu Stevie anaigizwa na Stevie.

Waliojiigiza wenyewe

Katika filamu ya 50 to 1, kisa cha Mine That Bird aliyenunuliwa kwa dola 9,500 na kushinda Derby ya 2009, mpandaji Calvin Borel alijiigiza. Lakini mimi kilele nakiweka kwa Champions ya mwaka 1984. John Hurt anaigiza Bob Champion, mpandaji wa Uingereza aliyegundulika na saratani mwaka 1979. Farasi wake, Aldaniti, ambaye jina lake limeunganishwa kwa silabi za majina ya wajukuu wanne wa mfugaji wake, naye alikuwa ameumia miguu mara kadhaa hata ikadhaniwa hatakimbia tena. Aprili 4, 1981, wagonjwa hawa wawili walishinda Grand National, mbio zenye viunzi 30 na zaidi ya kilomita 7.

Watengenezaji wa filamu hawakutafuta farasi wa kufanana naye. Aldaniti aliletwa mwenyewe mbele ya kamera.

Filamu ikaisha, ukweli ukaendelea. Mwaka 1987 Aldaniti alitembea kutoka London hadi uwanja wa Aintree, Liverpool, kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, kila maili akipandwa na mtu mwingine. Maili ya mwisho alipandwa na Bob Champion.