Phuket: Mgeni na Adabu Zake Kati ya Fukwe, Visiwa na Mahekalu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Aliyeitandaza ardhi na kuitiisha bahari ili waja wake wasafiri na wazingatie. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, baba mmoja alinijia baada ya sala ya Ijumaa akiwa na karatasi ya wakala wa safari mkononi. Alikuwa amedunduliza fedha kwa muda mrefu ili ampeleke mkewe na watoto wake Phuket, kusini mwa Thailand. Akaniuliza: “Sheikh, huko kuna fukwe, visiwa na mahekalu ya Mabudha. Je, ni mahali pa familia ya Kiislamu?” Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, kwa kuwa nami nilikwishafika huko na familia yangu, na nilirudi na kosa moja ambalo sijalisahau.

KISIWA NA WATU WAKE

Phuket ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini Thailand, nacho kimeunganishwa na bara kwa daraja tangu mwaka 1967. Kabla ya watalii, utajiri wake ulikuwa madini ya bati. Madini hayo ndiyo yaliyowavuta Wachina kuja kuchimba na kufanya biashara, na nyumba zao za maduka zingali zimesimama katika mji mkongwe.

Wengi hudhani kwamba huko hakuna ila Mabudha. Sivyo. Waislamu ni sehemu ya wenyeji wa kisiwa hicho na mikoa jirani ya Phang Nga na Krabi. Katika vijiji kama Kamala na Bang Tao, utaisikia adhana hatua chache kutoka kwenye mahoteli ya ufukweni. Chakula cha halali hakina taabu kwa anayekitafuta, kwani Baraza Kuu la Kiislamu la nchi hiyo hutoa alama maalumu ya halali. Ama mitaa ya usiku ya Patong, hiyo si mahali pa kupeleka watoto, na anayeikwepa hapotezi kitu.

KIJIJI JUU YA MAJI

Upande wa mashariki wa kisiwa iko Ghuba ya Phang Nga, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1981. Humo majabali ya mawe ya chokaa yamechomoza wima kutoka baharini, mengine yakiwa na mapango ambayo mashua ndogo hupita chini yake. Chini ya jabali mojawapo kipo kijiji cha Panyi, kilichojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Waanzilishi wake walikuwa wavuvi Waislamu waliotoka Java, mwishoni mwa karne ya 18. Vijana wake walijijengea hata uwanja wa mpira unaoelea, mwaka 1986, kwa kuwa hawakuwa na ardhi ya kuchezea.

Leo wageni humiminika hapo kila mchana kula samaki na kununua vitu vya ukumbusho. Nilipofika nikaelekea msikitini kuswali Adhuhuri. Mlangoni nikawakuta watalii waliovaa nguo za kuogelea, wakipiga picha za watu wanaotawadha. Nilikasirika sana. Nikamwambia mke wangu kwamba watu hawa hawana adabu, hawajui kuwa nyumba ya ibada ina heshima yake.

KOSA LANGU

Siku ya pili tulikwenda Wat Chalong, hekalu mashuhuri kuliko yote kisiwani. Wenyeji humkumbuka hapo mtawa mkuu aliyeitwa Luang Pho Chaem, aliyewahifadhi wanavijiji na kuwatibu majeruhi wakati wa uasi wa wachimba bati wa mwaka 1876.

Hapa sina budi kueleza kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu Mwislamu kuingia katika nyumba za ibada za wengine. Wapo waliozuia kwa sababu ya masanamu, wapo waliochukia, na wapo waliojuzisha kwa sharti kwamba asishiriki ibada yao wala asitukuze wanachokitukuza. Anayeona moyo wake hautulii na abaki nje. Bustani na majengo yanaonekana vizuri. Sisi tuliingia kwa nia ya kujua historia.

Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alichoka akaketi sakafuni akiwa ameinyoosha miguu yake kulielekea sanamu. Kisha akawacheka waliopiga magoti. Mimi nilimwona nikanyamaza, nikisema moyoni kwamba ni mtoto, na tena hili si jambo letu. Bibi mmoja mzee akainuka pale alipokuwa. Hakukemea. Alitabasamu, akaketi karibu na mtoto, akakunja miguu yake kando ili aige, kisha akarudi mahali pake.

Niliona haya mbele ya mke wangu, aliyenitazama tu bila kusema neno. Heshima niliyoidai jana kwa ajili ya msikiti, leo nilishindwa kuilinda katika nyumba ya watu wengine. Nami ni mtu ninayefundisha kila mwaka kwamba Qur'ani, katika Suratul An'aam aya ya 108, imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine! Kutoiamini dini ya mtu ni jambo moja, na kumvunjia heshima mwenyeji wako ni jambo jingine. Tulipotoka nilimwomba mwanangu msamaha kwa kutomfundisha, kisha nikamfundisha.

Basi anayeingia huko na ajue: viatu huvuliwa, mabega na magoti husitiriwa, nyayo hazielekezwi kwenye sanamu, halipandwi kwa ajili ya picha, na mwanamke hamgusi mtawa. Mwislamu aliyelelewa vizuri haoni ugumu katika hayo, kwani mengi ameyazoea nyumbani kwake.

BAHARI NAYO INA ADABU

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa chini ya bahari karibu na Sumatra liliinua tsunami. Thailand pekee ilipoteza watu zaidi ya 5,000, wengi wao Khao Lak, mkoani Phang Nga. Kijiji cha Kamala nacho kiliumizwa vibaya. Saa kadhaa baadaye mawimbi yaleyale yaliua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Bahari ya Phuket na bahari yetu ni moja.

Wapo walionusurika kwa sababu ya elimu. Katika ufukwe wa Mai Khao, mtoto wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliziona dalili alizosomeshwa darasani wiki chache tu kabla. Akawasihi wazazi wake, nao wakawatahadharisha watu, ufukwe ukahamwa. Katika visiwa vya Surin, Wamoken, watu waishio kwa bahari, waliona maji yanakupwa ghafla wakakumbuka masimulizi ya wazee wao, wakakimbilia mlimani. Wafundisheni watoto: bahari ikirudi nyuma ghafla, au ardhi ikitikisika mkiwa ufukweni, msisimame kutazama wala kuokota samaki. Kimbilieni juu.

Na kuanzia Mei hadi Oktoba, wakati wa pepo za kusini-magharibi, fukwe za magharibi ya Phuket huwa na mikondo inayovuta waogeleaji. Bendera nyekundu ikipandishwa, usiingie majini, hata kama kulipia safari kumekugharimu akiba yako yote.

SALA SAFARINI

Msafiri ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kujumuisha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu afikapo. Kibla nacho hubadilika. Hapa Dar es Salaam tunaelekea kaskazini. Phuket utaelekea magharibi, kidogo upande wa kaskazini.

Jioni ya mwisho tuliswali Magharibi karibu na ufukwe wa Kamala. Baada ya kutoa salamu mwanangu aliniuliza ng'ambo ya maji yale kuna nini. Nikamwambia, ukifuata maji hayo mbali sana, utafika kwetu.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili: wapeleke, ikiwa deni halitakufuata nyumbani. Lakini kabla ya kufunga masanduku, waketishe watoto wako uwafunze namna ya kuwa wageni. Mimi nilichelewa, na bibi mmoja asiyejua lugha yangu akanifanyia kazi yangu.

Wallahu a'lam.